Mlango wa kale haukuwa wazi, ulikuwa unafunguka

Jengo la zamani likibomolewa Kisumu siku hizi, kitu cha kwanza kuondoka ni mlango. Mabati yatafuata, mbao za dari zitafuata, mawe yatapakiwa kwenye lori yakajaze shimo mahali, lakini mlango huwa umekwisha kupata mnunuzi kabla nyundo ya kwanza haijashuka. Nimeukuta mmoja kwenye mkahawa wa Milimani, mbawa mbili za msaji zilizopigwa msasa zikang'aa, zimekazwa kwa skrubu juu ya ukuta usio na tundu lolote nyuma yake. Mwingine niliuona Nakuru umegeuzwa meza na kufunikwa kioo. Watu hupiga picha mbele yake, na picha zikifika kwenye simu zetu huandamana na maombolezo yale yale: wazee wetu waliishi milango wazi, jirani akiingia na kutoka, leo tumejifungia nyuma ya chuma na grili, na mioyo yetu nayo imeota kutu humo humo ndani. Kisha huja ushauri, hasa kwa wanaume. Funguka, ndugu yangu. Uwe kama mlango wa kale.

Naipenda milango hiyo, na nawashukuru wanaoiokoa isiishie kuwa kuni za kukaangia samaki. Ila naona tumeusoma mlango kinyumenyume. Mlango wa kale ulikuwa chombo cha kupimia: nani aingie, saa ngapi, afike wapi, aondoke lini. Anayetaka kuufanya mfano wa namna mtu anavyopaswa kuishi na wenzake auchukue mzima, pamoja na komeo lake, kizingiti chake, na ile desturi ya kubisha hodi ambayo bila yake mlango ni ubao tu. Akichukua mbao peke yake atajikuta anawafundisha watu kujianika, na kujianika na kufunguka ni mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja.

Kiswahili chenyewe kinalijua hili kuliko sisi tunaokizungumza. Tazama kitenzi kufungua. Kimejengwa juu ya kufunga, kikaongezwa sauti ile ya kutangua, kama ziba ilivyozaa zibua na kunja ikazaa kunjua. Huwezi kuzibua kisichozibwa, wala hakuna kinachofunguka ambacho hakikuwa na namna ya kufungwa. Yule tunayemsifu kwa moyo mkunjufu ni mtu aliyeukunjua, maana yake ulikuwa na mikunjo na yeye ndiye aliyeamua kuinyoosha. Hata kile kipande cha chuma mfukoni, ambacho hufunga kwa kadiri ile ile kinavyofungua, lugha ilikiangalia pande zote mbili ikakiita ufunguo. Mwanamke anapojifungua, kitenzi ni hicho hicho, na hakuna aliye na akili timamu anayetamani jambo lile litokee kabla ya miezi yake. Neno wazi ni la ukoo mwingine kabisa. Wazi ni hali tu, haina mtendaji. Kidonda huwa wazi, kaburi huwa wazi, na nafasi ya kazi huwa wazi kwa sababu hamna mtu ndani yake. Tunapomwambia mtu awe wazi tukidhani tumemwambia afunguke, tumempokonya komeo mkononi.

Turudi kwenye milango yenyewe, maana hapo ndipo maombolezo yanapopotea njia zaidi. Reli iliufikia ufuo wa Ziwa Victoria mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kabla jina la Kisumu halijashika. Pamoja na reli walikuja wafanyabiashara wa Kihindi. Aliyevuma zaidi kati yao, Allidina Visram, alikuwa na maduka yaliyofuatana kutoka pwani hadi ndani ya Uganda. Milango mingi inayouzwa leo kama kumbukumbu ya ukarimu wa zamani ilitoka kwenye majengo ya maduka ya enzi hizo na ya miaka iliyofuata. Ilikuwa wazi mchana kutwa, sikatai. Duka likifungwa mchana mwenye duka halali na shibe. Lakini nyuma ya kaunta palikuwa na mlango mwingine, mwembamba, wa kuelekea uani ilikokaa familia, na huo mteja hakuuvuka hata akiwa amenunua sukari na mafuta ya taa hapo kwa miaka 20. Jioni mlango wa mbele nao ulifungwa na gogo likapachikwa kwa ndani. Sisi tumeuchukua mlango wa biashara tukauvika sifa za mlango wa nyumbani, kama mtu anayemsifu muuzaji wa nguo kwa upendo kwa sababu alimwita "mpenzi wangu" alipokuwa akipimia shati.

Tena mji wenyewe ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Wazungu mlimani penye upepo, Wahindi katikati penye soko, Waafrika pembezoni. Mwanamume Mwafrika aliyepita mbele ya milango hiyo miaka ya 1920 alikuwa amebeba kipande, kilicholetwa na sheria ya 1915 na kuanza kutekelezwa mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilikuwa karatasi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, nayo ilisema yeye ni nani, wa kabila gani, amefanya kazi kwa nani, kwa mshahara gani. Askari yeyote aliweza kumsimamisha barabarani akamsoma. Ukitafuta katika historia ya magharibi mwa Kenya mtu aliyeishi wazi kabisa, asiye na ubawa wala komeo kati yake na macho ya mwenye nguvu, ni huyo. Na hakupenda. Desemba 1921 watu walipokutanika Lundha, Gem, katika mkutano uliokuja kuitwa Piny Owacho, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao, pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa. Nalikumbuka jambo hili kila ninapoona mtu anaandika kwamba babu zetu hawakuwa na cha kuficha. Walikuwa nacho, na waliudai kwa sauti uwezo wa kukificha.

Atakayesema kwamba hayo ni ya ukoloni, na kwamba kabla ya Mzungu tuliishi bila milango, namwomba afunge safari hadi Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. UNESCO iliiingiza katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2018. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikisha, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16, kimo chake kutoka mita 1.5 hadi 4.5. Simama mbele ya lango lake utaona jambo ambalo picha hazisemi: ni jembamba, ni fupi, na mtu mzima lazima ainame ndipo aingie. Aliyeinama hawezi kuinua mkuki. Aliyeinama pia huonekana kabla yeye hajaona. Ndani waliishi watu na mifugo yao, wakipendana na kugombana kama wanadamu wote, na kilichowawezesha kuishi hivyo ni ule wembamba wa lango. Wabukusu nao walijizungushia kuta za udongo na mahandaki, na jina la ngome yao ya Chetambe pale Webuye halijasahaulika tangu vita vyao na Waingereza vya 1895. Jamii za eneo hili zilijua kufunga.

Hapo kuna nukta ya lugha ambayo kwangu ina uzito kuliko kuta zenyewe. Wajaluo huuita mlango wa nyumba dhoot, yaani mdomo wa nyumba, na neno hilo hilo hulitumia kwa ukoo. Kiswahili nacho kinatumia mlango kwa maana ya ukoo: fulani ni wa mlango wa fulani. Lugha mbili zisizo na nasaba moja, moja ya ziwani na moja ya pwani, zimekutana kwenye wazo moja. Mlango ndio unaosema nani ni nani kwa nani. Na katika boma la Kijaluo mpangilio wenyewe ni somo. Nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, ambalo huitwa rangach, na mvulana akibalehe hujengewa simba, ile nyumba ndogo ya kijana, karibu na lango hilo, yaani hupewa mlango wake mwenyewe. Hafukuzwi. Hula kwa mama yake kama kawaida. Lakini kuanzia hapo ana kizingiti ambacho hata waliomzaa wanakiheshimu, na akishaoa, mzazi halali katika nyumba yake. Ukiwaambia wazee waliopanga hivyo kwamba upendo maana yake ni kutokuwa na mipaka, watakuonea huruma.

Pwani, ambako mlango wa mbao ulifikia kilele cha ufundi, mambo ni hayo hayo kwa mapambo zaidi. Mlango wa Lamu au wa Unguja una mbawa mbili na katikati yake mfaa, ule mti uliochongwa ambao hushikamana na ubawa mmoja na kuufanya mwingine ufunguke kwanza. Nje ya mlango pana baraza au daka, mahali pa kumkalisha mgeni akanywa kahawa, akapewa habari za mji, akaondoka ameshiba heshima bila kuona chumba hata kimoja. Desturi hiyo ilipanda reli ikafika kwetu. Katika mitaa ya Waswahili wa bara, Kaloleni ya Kisumu ikiwa mmojawapo, mtoto alifundishwa kubisha hodi kabla ya kufundishwa kuhesabu. Hodi mara tatu. Kukiwa kimya, rudi ulikotoka, wala usinune. Waislamu wanayo hiyo katika Sura An-Nur, aya ya 27 na ya 28, inayowataka wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyeji, na wakiambiwa rudini, warudi. Ni ajabu kwamba tumelibakiza neno karibu kwenye kila bango la hoteli, tukalisahau nusu yake ya kwanza. Karibu bila hodi ni amri ya kuvamiwa.

Sasa niwe mwadilifu kwa upande wa pili, kwa sababu wanaoomboleza hawaombolezi bure. Kuna upweke mjini, na ni wa kweli. Mtu anaweza kuishi kwenye ghorofa la Nakuru mwaka mzima asijue jina la jirani anayemsikia akikohoa kila usiku. Baraza haipo, ua haupo, ngazi ni za kupandia tu, na mahali pale pa katikati ambapo mgeni alikalishwa pamefutwa na mchora ramani. Imebaki nje, na imebaki ndani. Mtu ama humwingiza mwenzake mpaka sebuleni penye nguo zilizoanikwa, ama humwacha barabarani. Wengi huchagua barabara. Naye aliyefunga kwa muda mrefu hufika mahali asijue tena komeo lilipo. Pale Ngata, nje kidogo ya mji wa Nakuru, lipo kasri la Lord Egerton, lililojengwa kuanzia 1938 hadi 1954. Husimuliwa kwamba mwenyewe alikataliwa na mwanamke, akawapiga marufuku wanawake wote kukanyaga hapo mpaka alipokufa 1958. Waelekezi huwasimulia wageni hadithi hiyo kama kichekesho cha Mzungu mwenye kisirani. Mimi nikiyatazama yale madirisha sicheki sana. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na pale nyumba njema ilijengwa ili pasiwe na wa kuingia.

Kwa wanaume jambo hili limegeuka kuwa la uhai na kifo. Takwimu za dunia za Shirika la Afya Duniani zimeonyesha miaka nenda miaka rudi kwamba wanaume wanaojiua ni wengi kuliko wanawake, na hakuna anayekaa Kisumu au Kakamega asiyejua matanga ambayo chanzo chake kilinong'onwa tu. Kwa hiyo anayewaambia wanaume wafunguke ana dhamira njema. Lakini hebu tuulize mlango huo ulikuwa umefungwa na nani. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, adhabu yake kifungo cha hadi miaka 2. Yaani mtu aliyemwambia daktari, mchungaji au shemeji kwamba jana alifika ukingoni alikuwa anakiri jinai. Ilikuwa Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Miaka yote hiyo tulikuwa tukimlaumu mwanamume kwa kujifungia, ilhali aliyesimama nje ya mlango wake, baada ya hodi, alikuwa na pingu. Na hata bila polisi, wapo waliosimama na vicheko: rafiki aliyeambiwa siri Ijumaa ikawa mjini Jumapili, mke au mume aliyeihifadhi ili aitumie ugomvi utakapokuja. Mtu huyo alijua kufungua. Alifungua, akaona aliyeingia, akajifunza.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ndiyo inayotamkwa kwa ujasiri mwingi zaidi: kwamba anayefunga ana cha kuficha, na chuma mlangoni ni chuma moyoni. Mwaka wa 2008 ulipoanza, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu wa Nakuru na Kisumu walijifunza kwamba mlango wa mbao huchukua dakika chache kuvunjika. Agosti 2017, matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, polisi waliingia kwa nguvu katika nyumba moja mtaani Nyalenda, mtoto wa miezi sita akajeruhiwa kichwani na kufariki siku chache baadaye. Uchunguzi wa mahakama ya Kisumu uliomalizika 2019 uliwabebesha polisi lawama. Nendeni mkawaambie wakazi wa Nyalenda kwamba wamefunga mioyo kwa sababu wamefunga milango. Fundi wa kuchomelea anayeuza mlango wa chuma hauzi ubinafsi. Anauza usingizi. Na Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 31, haikuuliza kama mtu ana cha kuficha: ilimpa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali yake. Walioandika hivyo walikuwa wajukuu wa watu wa kipande.

Hoja hii inapotumiwa kwa ofisi ya umma, nayo hugeuka kichwa chini. Ni nadra kumkosa kiongozi anayesema mlango wake uko wazi. Mlango uko wazi kweli, umewekewa hata kabari usifunge, ila mbele yake ameketi katibu, na mbele ya katibu askari, na mbele ya askari benchi lenye watu waliofika alfajiri. Hapo ndipo mahali pa kudai uwazi bila haya, na kifungu cha 35 cha Katiba pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinatupa nguvu ya kudai. Mwananchi anapaswa kuwa na komeo, serikali inapaswa kuwa na dirisha. Sisi tumezoea kinyume chake: tunamsamehe mwenye mamlaka kwa kufunga jalada, tunamshuku jirani kwa kufunga pazia.

Kisha kuna magazeti ya burudani na mitandao, ambako neno afunguka limekuwa kichwa cha habari cha kila wiki. Msanii fulani afunguka kuhusu ndoa yake, mchungaji fulani afunguka kuhusu madeni. Ukisoma utakuta mara nyingi mtu hakufunguka kitu. Ameweka ubao ukutani. Alichokisema kimepimwa, kimepigwa msasa, kimewekwa mahali penye mwanga mzuri, na nyuma yake ni ukuta. Sisemi ni kosa. Kila mtu na riziki yake, na mwenye mkahawa wa Milimani naye hakumdanganya yeyote kwamba mlango wake unaelekea mahali. Kosa ni letu tunaomtazama mtu huyo kisha tunamgeukia kaka yetu aliyekaa kimya sebuleni na kumwambia, mbona wewe huwezi? Yeye hataki kupambwa ukutani. Yeye ana chumba halisi nyuma ya mlango wake, kina vitu ndani, baadhi ya vitu hivyo vinanuka, na anahitaji kujua anayeingia atakanyaga wapi.

Nilikwenda kwa fundi mmoja karibu na soko la Kibuye anayenunua milango hii na kuitengeneza, nikitaka tu kujua bei. Aliutandaza mmoja juu ya farasi zake mbili za mbao, akaugeuza upande wa ndani.

"Mwalimu, angalia hapa palipolika," akasema.

Palikuwa kando ya komeo, sehemu ya ukubwa wa kiganja, mbao imeingia ndani na kuwa nyeusi kwa jasho la mikono ya watu ambao hakuna anayewajua tena. Upande wa nje ulikuwa umepaukishwa na jua, lakini haukulika hivyo. Nikamwuliza kama mlango ulioachwa wazi siku zote haungedumu zaidi, kwa vile hausumbuliwi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama gari lisiloendeshwa hudumu zaidi. Mlango ukiachwa wazi, alisema, uzito wote unaning'inia kwenye bawaba peke yake. Ukifungwa, miimo na kizingiti husaidia kubeba. Miaka ikipita ule ulioachwa wazi hulala, kona yake ya chini ikagusa sakafu, na siku unapotaka kuufunga haufungiki. Unyevu wa ziwa nao husaidia kuuharibu, hasa wakati wa mvua za masika, mbao inapovimba.

Sikuwa nimekwenda kutafuta mfano, lakini huo niliubeba. Nawajua watu waliolala namna hiyo. Walikuwa wazi kwa kila mtu kwa miaka mingi, kila shida ya ukoo ikapitia kwao, kila simu ya usiku wakaipokea, na siku walipohitaji kusema hapana kwa mara moja, kona ya chini ilikuwa imekwisha kushika sakafu. Mara nyingi huwa ni dada mkubwa, au yule mmoja aliyepata kazi mjini. Tunawasifu kwenye mazishi yao kwamba mlango wao haukufungwa kamwe. Sijawahi kusikia mtu akiuliza, pale penye kipaza sauti, nani alikuwa akiwabishia wao.

Tukiusoma mlango hivi, mzigo wa mazungumzo unahamia kwa mwingine. Maswali yetu mengi huelekezwa kwa aliye ndani: kwa nini hafungui, anaogopa nini, amekosa imani gani. Ni machache yanayomwelekea aliye nje. Mzazi anayelalamika kwamba kijana wake haongei, je, hubisha kabla ya kuingia chumbani, au huingia na kushika simu yake ili kuona anaongea na nani? Kijana wa zamani alipewa simba. Wa leo amepewa kitanda kwenye chumba cha wadogo zake, na simu ndiyo simba yake pekee. Kundi la wanaume kanisani linalotaka washiriki wafunguke, je, lina baraza? Yaani lina mahali ambapo mtu anaweza kukaa wiki tatu akizungumza mpira na bei ya mahindi bila kusukumwa kuelekea sebuleni? Wenzangu wengi watanicheka hapa na kusema mazungumzo ya mpira ni kukwepa. Nadhani wamekosea. Mpira ni baraza. Mwanamume anayekuambia kwa nusu saa jinsi Gor Mahia ilivyofungwa anakupima kama unaweza kusikiliza jambo linalomuuma bila kumkatiza, na akiridhika anaweza kukuletea jingine.

Hata mwenye kufungua hana budi kujifunza ufundi wake, kwa sababu si kila anayebisha anastahili chumba kile kile. Yupo wa barazani, yupo wa sebuleni, yupo mmoja au wawili wa kuketi kitandani. Kumkalisha mtu barazani si kumdharau. Ukarimu wa pwani ulijengwa juu ya hilo, na mgeni wa barazani alipewa kahawa ile ile. Mtu anaweza kuniambia kwamba hana nafasi ya kuzungumzia talaka yake leo, akanimiminia chai, na nikaondoka nikijua nimepokewa. Shida huja tunapomtaka kila rafiki awe wa kitandani, na kumwita mnafiki yule anayetukalisha nje.

Kuhusu milango yenyewe, ningependa wanaobomoa na wanaojenga wazungumze mapema. Lipo jambo ambalo mwenye mkahawa au mwenye ofisi angeweza kulifanya badala ya kuutundika: kuufunga kati ya vyumba viwili, kwenye miimo yake, na komeo lake, ili watu waupite. Nilimwuliza fundi mbona hakuna anayeagiza hivyo. Akaniambia makomeo hung'olewa mwanzoni kabisa, kwa sababu hushika nguo za wateja, na huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Miimo huwa hata haifiki kwake. Huvunjwa pamoja na ukuta. Kutundika mlango, alisema, ni kazi ya saa moja. Kuufanya ufunguke ni siku mbili, maana lazima kwanza usimamishe miimo, uipime kwa timazi, ndipo ufikirie bawaba. Alikuwa na oda tatu za kutundika wiki ile. Nikamwuliza la komeo moja lililokuwa bado sakafuni, kati ya vumbi la msasa, atanipa kwa bei gani, naye akaliokota, akalipima mkononi, akataja bei ya chuma.